Maswali ya Wasomaji: Redio Mbili, Nyaya Zilezile

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kufunga redio zaidi ya moja kwenye mikrokontrola moja. Tumeanza na ile yenye mambo mengi.

SWALI (Uyole, Mbeya): Wataalamu, habari za kazi. Nina Arduino Nano inayopokea vipimo vya unyevu kutoka vitalu vya miche kwa redio ndogo ya nRF24L01+, kisha inavirusha nyumbani, kama kilomita mbili, kwa Ra-02, moduli ya LoRa (redio ya masafa marefu) ya 433 MHz. Kila moduli ikiwa peke yake inakwenda vizuri. Nikizifunga zote kwenye SPI (nyaya za data zinazoshirikiwa), Ra-02 haionekani kabisa na nRF24 inatoa namba za ajabu. Nimeshabadilisha maktaba mara kadhaa. Kosa liko kwenye programu?

JIBU: Acha maktaba kwanza, chukua mita. Kwenye SPI nyaya tatu ni za wote: SCK (mapigo ya saa), MOSI (data kutoka Nano) na MISO (data kwenda Nano). Kinachotenganisha moduli ni waya wa kuchagulia, ambao kwenye nRF24 umeandikwa CSN na kwenye Ra-02 NSS. Waya huo ukiwa juu, moduli inatakiwa inyamaze na kuiachia MISO. Ukishuka chini, inasikiliza na kujibu. Sasa Nano inapowaka, pini zake zote huwa za kuingiza: hazivuti juu wala chini. CSN na NSS zinaelea. Maktaba ya kwanza ikianza kusalimiana na redio yake, redio ya pili nayo inaweza kuwa imejiona imechaguliwa, ikapokea amri zisizo zake na kujibu juu ya waya uleule. Ndiyo maana moja moja zinakwenda na mbili zinagoma.

Dawa ina sehemu mbili. Ndani ya setup(), kabla ya begin() ya maktaba yoyote, weka pini zote mbili za kuchagulia kuwa HIGH, kisha OUTPUT. Halafu, kwenye nyaya zenyewe, weka rezista ya 10 kΩ kutoka kila waya wa kuchagulia kwenda 3.3 V, ili hata pale Nano inapokuwa bado haijaanza kutekeleza programu, redio zote ziwe zimenyamaza.

Mpangilio tunaoupendekeza: SCK D13, MOSI D11, MISO D12. Ra-02: NSS D10, RST D9, DIO0 D2. nRF24: CSN D8, CE D7. Kwenye ATmega328P, chipu ya Nano, pini D10 lazima iwe ya kutoa hata kama hukuiunganisha na chochote. Ikibaki ya kuingiza na ikashuka chini, chipu inajigeuza mtumwa wa SPI na mawasiliano yote yanakatika.

Kuna tatizo la pili, na hili linaua moduli. Nano inatoa volti 5. Pini za kuingiza za nRF24L01+ zinastahimili volti 5 hata kama chipu yenyewe inalishwa 3.3 V, na mafundi wengi wamezoea kuiunganisha moja kwa moja. Chipu ya SX1278 iliyomo kwenye Ra-02 haistahimili. Huenda ikafanya kazi siku chache, kisha ikawa kiziwi. SCK na MOSI zipitishe kwenye kigawanyo cha rezista: 1 kΩ kutoka Nano, 2 kΩ kwenda ardhini, chukua katikati, unapata 3.3 V. Kigawanyo kimoja kwa kila waya kinatosha redio zote mbili. MISO haihitaji kitu, kwani Nano inayotumia volti 5 inahesabu kuwa juu chochote kuanzia volti 3.

NSS usiipitishe kwenye kigawanyo hicho. Hapa wengi hunaswa. Nano inapowaka na pini yake ikiwa inaelea, ile 2 kΩ inaivuta NSS chini kwa nguvu kuliko 10 kΩ inavyoivuta juu. Waya unakaa karibu na volti 0.55, na redio inajiona imechaguliwa. Badala yake tumia dayodi ya Schottky, kwa mfano 1N5819: upande wenye mstari uelekee pini ya Nano, upande wa pili kwenye NSS pamoja na ile 10 kΩ ya kwenda 3.3 V. Nano ikishuka, inaivuta NSS chini kupitia dayodi. Ikipanda hadi volti 5, dayodi inaziba na NSS inabaki kwenye 3.3 V. Dayodi ya kawaida kama 1N4148 inaacha karibu volti 0.6, na SX1278 inataka chini ya 0.66 ili ikubali kwamba waya uko chini. Nafasi hiyo ni finyu mno. RST nayo usiisukume juu kamwe: ishushe LOW kwa angalau mikrosekunde 100, igeuze INPUT, subiri milisekunde 5. Maktaba nyingi za LoRa huisukuma HIGH, kwa hiyo ziambie kwamba hakuna pini ya RST na uifanye kazi hiyo mwenyewe.

Ukiona haya yote ni kero, una haki. Arduino Pro Mini ya 3.3 V, 8 MHz, inayafuta karibu yote, na kwa kazi mpya tungeanza nayo.

Umeme: pini ya 3V3 ya Nano hutoka kwenye chipu ya USB na haifai kubebeshwa zaidi ya takriban mA 50. nRF24 ndogo isiyo na antena ya nje hula chini ya mA 14, lakini ile yenye kikuza-mawimbi hufika karibu mA 115 inaporusha, na SX1278 kwenye +20 dBm hufika mA 120. Tumia regulata ya AMS1117-3.3 iliyolishwa volti 5, na kwenye kila moduli, karibu kabisa na pini zake, weka kapasita ya 100 nF sambamba na ya 10 µF; yenye kikuza-mawimbi ipe 100 µF. Na usirushe kabla antena haijafungwa. Waya wa sm 17.3 unatosha kwa 433 MHz.

Baada ya hapo, pima hivi. Moduli zote zikiwa zimefungwa na programu imeweka CSN na NSS juu, gusisha MISO kwa rezista ya 10 kΩ kwenda ardhini na usome mita, kisha iguse kwenda 3.3 V na usome tena. Volti ikifuata rezista kila mara, MISO iko huru. Ikikataa kuhama, kuna moduli inaishikilia. Zitoe moja moja mpaka umjue. Kisha uliza utambulisho kwa mapigo ya 1 MHz. Kwa Ra-02 tuma 0x42 ikifuatwa na baiti tupu, jibu la baiti ya pili liwe 0x12. Kwa nRF24 tuma 0x03 na baiti tupu, jibu la baiti ya pili liwe 0x03 kama umeiwasha sasa hivi. Ukipata 0xFF tupu au 0x00 tupu, hakuna anayejibu: waya umekatika, umeme haujafika, au waya wa kuchagulia (CS) si huo. Ukipata namba zinazobadilika kila ukisoma, wako wawili wanaozungumza kwa pamoja, au umeme unayumba.

Vyote vikijibu sawasawa, ndipo urudi kwenye maktaba. Kagua kwamba kila moja inatumia SPI.beginTransaction() na endTransaction(). RF24 huomba mapigo ya 10 MHz, maktaba nyingine huomba mengine. Bila mipaka hiyo, moja itaiachia nyingine mwendo usio wake. Kwa vigawanyo vya 1 kΩ na 2 kΩ, usipite 4 MHz.

SWALI (Mafinga): Nimeondoa nRF24 nikaweka redio ya CC1101 kwenye soketi ileile. Nikisoma rejista ya toleo napata 0x00. Moduli mbili mpya zinatoa jibu hilohilo. Zimekufa?

JIBU: Hazijafa. Rejista ya toleo ya CC1101 iko 0x31, lakini kuanzia 0x30 hadi 0x3D anwani zilezile zina kazi mbili: ukisoma bila biti ya msururu (burst), chipu inadhani umetoa amri. Tuma 0xF1, yaani 0x31 pamoja na 0xC0, na utapata 0x14, au 0x04 kwa chipu za zamani. Ukiituma 0xB1 hupati toleo. Chipu inapokea amri tu.

Pia, baada ya kushusha CS, CC1101 haipo tayari papo hapo. Subiri MISO ishuke chini ndipo utume baiti ya kwanza. nRF24 haina desturi hiyo, ndiyo sababu programu yako ya zamani haikusubiri.

Na kwa kuwa utashirikisha nyaya na moduli nyingine: pini ya MISO ya CC1101 ndiyo hiyohiyo GDO1. CS ikiwa juu, inatoa chochote kilichoandikwa kwenye rejista IOCFG1. Thamani yake ya kiwandani, 0x2E, inaiachia MISO. Kuna mifano ya programu inayozunguka ambayo huandika rejista zote kwa mkupuo na kuibadilisha hii. Ukiiona, irudishe 0x2E, la sivyo hakuna redio nyingine itakayosikika kwenye nyaya hizo.

SWALI (Njombe): Tuna mashamba mawili ya parachichi. La karibu linatumia nRF24, la mbali LoRa ya SX1276, na mwakani huenda tukaweka CC1101. Sitaki kuandika programu tatu. Ninawezaje kuwa na amri za aina moja kwa redio zote?

JIBU: Inawezekana, dada, na ugumu wake hauko pale watu wanapodhani. Kuandika kiolesura cha pamoja ni mistari michache:

class Redio {
public:
  virtual bool anza() = 0;
  virtual bool tuma(const uint8_t *data, uint8_t urefu) = 0;
  virtual bool imemaliza() = 0;
  virtual uint8_t pokea(uint8_t *data, uint8_t nafasi) = 0;
  virtual void lala() = 0;
  virtual uint8_t kikomo() = 0;
};

Kila redio inapata draiva yake inayotimiza amri hizi sita, na programu ya shamba haijui iliyo nyuma yake ni chipu gani. Ugumu ni kwamba neno moja linabeba maana tofauti kwa kila chipu.

Chukua tuma(). Ujumbe wa baiti 20 kwa nRF24 kwenye 250 kbps unakaa hewani chini ya milisekunde 1. Ujumbe huohuo kwa LoRa, SF7 (SF ni kiwango cha kutandaza mawimbi) na upana wa 125 kHz, unachukua milisekunde 57. Kwa SF12, sekunde 1.32. Ukiandika tuma() inayosubiri mpaka kazi iishe, utaona inapendeza kwenye nRF24, kisha kwenye LoRa vali ya maji inachelewa kufungwa na vipimo vinarukwa. Ndiyo maana tumetenga imemaliza(): tuma() iweke data kwenye redio na irudi mara moja, programu iulize baadaye.

Hata hiyo imemaliza() ina mtego. nRF24 ina utaratibu wake wa kupokea uthibitisho ndani ya chipu: ikisema imemaliza, inamaanisha mwenzake amepokea. SX1276 ikisema imemaliza, inamaanisha mawimbi yameondoka kwenye antena, basi. Pengine hakuna aliyesikia. Programu ya juu ikitegemea maana ya kwanza, shamba la mbali litaonekana salama wakati ujumbe unapotea bondeni. Zima uthibitisho wa nRF24, au upuuze, na ufanye uthibitisho mmoja wa kwako juu ya redio zote. Baiti nne mwanzoni mwa kila ujumbe zinatosha: anayepelekewa, aliyetuma, namba ya ujumbe, aina yake. Anayepokea anarudisha ujumbe mfupi wenye namba ileile. Usipopata ndani ya muda uliopanga, rudia, na muda huo uutoe kwenye draiva, kwani unatofautiana zaidi ya mara elfu.

kikomo() inasema ni baiti ngapi zinaingia kwa mkupuo mmoja. nRF24 ni 32. SX1276 ni 255. CC1101 ina hifadhi ya baiti 64, na humo huingia pia urefu na baiti mbili za hali, hivyo panga 60. Usikate ujumbe mkubwa vipande ukiweza kuepuka. Vipimo vya shamba vinaingia kwenye 28 (32 toa zile nne) bila shida kama huandiki maneno: joto mara 100 kwenye int16_t, unyevu kwenye uint8_t, volti ya betri kwa milivolti kwenye uint16_t. Usitume int wala double. Kwenye Arduino ya AVR int ni baiti 2 na double 4. Kwenye ESP32 ni 4 na 8, na tena ESP32 huacha nafasi tupu ndani ya struct. Upande mmoja utatuma nyuzi 21.50, mwingine usome upuuzi.

Mambo ambayo hayafanani kabisa yaache ndani ya draiva. SF, upana wa bendi, idhaa, viwekwe kwenye anza() ya kila redio. Nguvu ya mawimbi yaliyopokelewa hatukuiweka kwa makusudi: SX1276 inatoa thamani kwa dBm, lakini nRF24L01+ ina biti moja tu inayosema kama mawimbi yalizidi −64 dBm. Ukilazimisha amri ya pamoja, draiva moja italazimika kudanganya.

Intarapti: pini ya DIO0 au IRQ ikiita, usiguse SPI ndani ya kazi ya intarapti. Weka alama tu, mfano ujumbe_upo = true, na usome redio kwenye loop(). Huenda wakati huo nyaya zilikuwa katikati ya mazungumzo na redio nyingine.

Kama hutaki kuandika mwenyewe, maktaba za RadioHead na RadioLib zimejengwa juu ya wazo hilihili na zinaendesha chipu zote tatu. RadioHead tayari huweka baiti zake nne za anwani, hivyo kwenye nRF24 inakuachia 28, na kifaa kinachotumia maktaba ya RF24 hakitaelewana nayo. Chagua moja kwa vifaa vyote.

SWALI (Tukuyu): Nahifadhi data kwenye kadi ya SD na kurusha kwa RFM95, moduli ya LoRa. Kadi ikiwekwa, redio inakufa. Kadi ikitolewa, inarudi.

JIBU: Angalia moduli ya kadi, si redio. Zile za bei nafuu zenye chipu ya 74LVC125 mara nyingi zimefungwa kiwandani ili MISO iendelee kusukumwa hata CS ikiwa juu. Kipimo cha rezista ya 10 kΩ tulichoeleza hapo juu kitakuonyesha mara moja. Kama mkono wako ni mwepesi, fuata njia ya MISO kwenye chipu hiyo, tenga pini ya ruhusa ya njia hiyo na ardhi, uiunganishe na CS. La sivyo tumia soketi tupu ya kadi kwenye mikrokontrola ya 3.3 V, bila chipu yoyote katikati.

Hata soketi tupu ina tabia yake: kadi ya SD huiachia MISO baada ya kupata mapigo ya saa CS ikiwa imeshapanda. Baada ya kupandisha CS ya kadi, tuma baiti moja ya 0xFF bila kumchagua yeyote, ndipo uende kwa redio.

SWALI (Iringa mjini): Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. ESP32 yangu haiwaki kabisa nikiunganisha redio kwenye pini 12, 13, 14 na 15. Nikitoa waya wa 12, inawaka.

JIBU: Marahaba. ESP32 inapowaka huiangalia GPIO12, yaani hiyo pini 12, ili iamue volti ya kumbukumbu yake. Ikiikuta juu, inachagua 1.8 V, na kumbukumbu inayohitaji 3.3 V haisomeki. Kuna kitu kinaivuta MISO yako juu. Hamia SCK 18, MISO 19, MOSI 23. Kwa CS tumia 25, 26, 27 au 33. Usitumie 34 hadi 39, hizo zinapokea tu, wala 6 hadi 11, zina kazi ya kumbukumbu. Na kama redio ni nRF24, jua kwamba Wi-Fi ya ESP32 iko kwenye bendi ileile ya 2.4 GHz: iweke redio mbali na antena ya bodi na uchague idhaa ya 76 hadi 80, juu ya Wi-Fi inayotumika sana.

SWALI (Makete): Kituo changu cha hali ya hewa kinatumia betri moja ya 18650 na paneli ndogo. Betri inaisha mapema ingawa nazima umeme wa redio kwa transista kati ya vipimo.

JIBU: Kuna wezi wawili. Wa kwanza ni regulata ya AMS1117, kama ndiyo uliyoifunga: yenyewe hula karibu mA 5 hata redio zikilala, yaani mAh 120 kwa siku, na inahitaji zaidi ya volti moja ya ziada juu ya 3.3, ambayo 18650 haina. Weka MCP1700-3302 au HT7333, zote za mA 250.

Wa pili ni hiyo transista. Redio iliyokatiwa umeme huku nyaya za SPI zikiwa juu hujilisha kupitia pini zake, inakaa nusu hai na kuvuta nyaya za wenzake. Usiikatie, iamuru ilale. nRF24L01+ ikilala hula chini ya µA 1, SX1276 takriban µA 0.2.

Na kwa baridi ya kwenu Juni na Julai: betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Asubuhi yenye sakitu jua huwahi kufika kwenye paneli kabla betri haijapata joto. Chagua chaja yenye kihisi cha joto la betri.

SWALI (Makambako): Kuna moduli za LoRa za 915 MHz zinauzwa rahisi kuliko za 868. Nizichukue?

JIBU: Ziache. Kwetu simu za GSM 900 hutuma kati ya 880 na 915 MHz, na minara hujibu 925 hadi 960. Moduli ya 915 inakaa mlangoni mwa mitandao ya simu. Chukua za 433 au 868, na kabla ya kufunga mtandao wenye vituo vingi soma masharti ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu nguvu na muda wa kurusha.

SWALI (Rujewa, Mbarali): Naweza kuifunga SIM800L, moduli ya simu, kwenye SPI pamoja na LoRa?

JIBU: Hapana, SIM800L huongea kwa UART, kwa amri za AT, kwa hiyo inataka TX na RX zake. Kiolesura cha amri sita bado kinaweza kuibeba, mradi draiva yake isisubiri ndani ya tuma(). Usiilishe kutoka regulata moja na LoRa: inataka volti 3.4 hadi 4.4 na huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi inaporusha. Ipe njia yake fupi na nene kutoka kwenye betri, kapasita ya 1000 µF pembeni yake, na ardhi zote zikutane kwenye betri.